Joto la jiko hutoka wapi? Hesabu ya nishati katika mimenyuko ya kikemia

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu joto la mkaa linatoka wapi, na mara nyingi atakujibu hivi: nishati imehifadhiwa ndani ya vifungo vya kikemia vya mkaa, na vifungo hivyo vikivunjika, nishati inatoka. Jibu hili limeenea sana na linasikika vizuri, lakini limekosea pale pale penye kiini cha jambo. Kuvunja kifungo cha kikemia hakutoi nishati hata chembe. Kunakula nishati, kila mara, na katika kila kitu. Kinachotoa nishati ni vifungo vipya vinapoundwa.

Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana hayana uhusiano yataanza kueleweka kwa pamoja: kwa nini jiko la mkaa lililojazwa pomoni hutoa sumu, kwa nini ndoo ya kostiki soda hupata moto bila jiko, kwa nini mbolea ya yurea hupoza maji, na kwa nini zege nene la msingi hupasuka hata kama saruji ilikuwa safi.

Kuvunja na kuunda

Atomu mbili zilizoshikana zina nishati ndogo kuliko zikiwa zimetengana. Ndiyo maana zimeshikana. Chukua sumaku mbili zilizogandana: kuzibandua lazima utumie nguvu, lakini ukizisogeza karibu zinarukiana zenyewe na kugongana kwa kishindo. Kishindo hicho ni nishati inayotoka wakati wa kukutana. Atomu nazo ziko hivyo.

Kwa hiyo kila mmenyuko una pande mbili za hesabu. Upande wa kwanza ni nishati inayotumika kuvunja vifungo vya zamani. Upande wa pili ni nishati inayotoka vifungo vipya vikiundwa. Tofauti ya pande hizo, mmenyuko ukifanyika kwenye hewa wazi, ndiyo badiliko la entalpi, ambalo huandikwa ΔH. Ikitoka nyingi kuliko iliyoingia, ziada huenda kwenye mazingira kama joto, na ΔH huwa hasi. Wanafunzi wengi huona ajabu kwamba moto mkali uandikwe kwa namba hasi. Hesabu hii inafanywa kwa upande wa kemikali zenyewe: zimepoteza nishati, kwa hiyo kwao ni upungufu. Joto ulilolipata wewe ndilo lililopotezwa na kemikali.

Tuweke namba, na tutumie methani, ambayo ndiyo karibu gesi yote asilia ya kisiwa cha Songo Songo, Tanzania. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004, na siku hizi bajaji na magari mengi ya Dar es Salaam yanatembea kwa gesi asilia.

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Upande wa kuvunja: methani ina vifungo vinne vya kaboni na haidrojeni, kila kimoja kinahitaji kilojuli 413 kwa moli (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), jumla 1,652. Molekuli mbili za oksijeni zinahitaji 498 kila moja, jumla 996. Ukijumlisha, kuvunja kunakula kilojuli 2,648.

Upande wa kuunda: kaboni dayoksaidi ina vifungo viwili vya kaboni na oksijeni, kila kimoja kinatoa 799, jumla 1,598. Molekuli mbili za maji zina vifungo vinne vya oksijeni na haidrojeni, kila kimoja 463, jumla 1,852. Kuunda kunatoa 3,450.

3,450 ukitoa 2,648, zinabaki kilojuli 802. Hizo ndizo unazopata kwa kila moli moja, yaani gramu 16 za methani, maji yakiwa bado mvuke. Mvuke huo ukipoa na kuwa maji, jumla inafika 890.

Sasa rudi kwenye hizo namba utazame kifungo cha oksijeni. Ni kifungo maradufu, na bado kuvunja kinahitaji 498 tu. Linganisha na kifungo maradufu cha kaboni na oksijeni, 799. Oksijeni ya hewani imeshikana kilegevu mno kwa kifungo cha aina yake, na ikipata kaboni au haidrojeni inashikana nayo kwa nguvu zaidi. Kama tungelazimika kuonyesha kwa kidole mahali ambapo nishati ya moto imekaa, tungeonyesha hewa kabla ya mkaa. Kuni, mkaa, petroli na gesi ni nusu tu ya fueli. Nusu nyingine tunaivuta puani bure, na kwa sababu ni ya bure hatuihesabu. Matatizo mengi ya jikoni yanaanzia hapo.

Kwa nini lazima uwashe

Kama kuungua kunatoa nishati yote hiyo, kwa nini gesi haiwaki yenyewe ikikutana na hewa? Kwa sababu kuvunja kunatangulia. Lazima molekuli za kwanza zipate nishati ya kuanzia kabla vifungo vipya havijaundwa na kuanza kulipa. Kijiti cha kiberiti kinatoa mtaji huo wa kwanza. Baada ya hapo joto la molekuli zilizoungua linaziamsha zinazofuata, na moto unajiendesha.

Kichocheo hupunguza nishati hiyo ya kuanzia, lakini hakibadilishi ΔH hata kidogo. Mmenyuko utakwenda haraka zaidi. Joto la jumla litabaki lile lile.

Jambo la kuogopa ni jinsi mtaji huo unavyoweza kuwa mdogo. Mchanganyiko wa gesi ya kupikia na hewa, gesi ikiwa kati ya asilimia 2 na 10 hivi, huwashwa na cheche ya robo ya milijuli tu. Swichi ya taa hutoa zaidi ya hapo, na friji inapojiwasha yenyewe pia. Gesi ya mtungi, ambayo ni propani na butani, ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja haipandi dirishani. Inatambaa sakafuni na kujaa pembeni na chini ya kabati. Ukiisikia harufu, funga valvu ya mtungi, fungua mlango kwanza kisha madirisha, usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima, na toa watu nje. Kutafuta mahali panapovuja kunafanywa kwa povu la sabuni kwenye mpira na kwenye rigileta, kamwe si kwa njiti ya moto.

Mkaa na theluthi mbili zinazotoroka

Mkaa mzuri kwa sehemu kubwa ni kaboni, na kilo moja ikiungua yote hutoa takriban megajuli 30. Lakini kaboni ina njia mbili za kuungua, na tofauti kati yake ni kubwa.

Hewa ikitosha: C + O₂ → CO₂, zinatoka kilojuli 393.5 kwa moli.
Hewa ikipungua: C + ½O₂ → CO, zinatoka 110.5 tu.
Hiyo CO, kaboni monoksaidi, ikipata oksijeni baadaye: CO + ½O₂ → CO₂, zinatoka 283.0.

Jumlisha 110.5 na 283.0. Unapata 393.5, ile ile ya njia ya moja kwa moja. Hii ndiyo kanuni aliyoitoa Germain Hess huko St Petersburg, Urusi, mwaka 1840: joto la mmenyuko linategemea ulipoanzia na ulipoishia, wala haijalishi umepitia wapi. Faida yake kwa wanakemia ni kubwa, kwa sababu kuna joto lisiloweza kupimwa moja kwa moja. Huwezi kuchoma kaboni maabara ukahakikisha inatoka monoksaidi tupu. Daima dayoksaidi itajichanganya. Lakini unaweza kupima 393.5, ukapima 283.0, ukatoa.

Jikoni maana yake ni hii: kila atomu ya kaboni inayotoka jikoni ikiwa monoksaidi imekuachia asilimia 28 ya joto lake na kuondoka na asilimia 72. Na hiyo iliyoondoka ni sumu.

Hutokeaje? Tazama jiko lililojazwa mkaa mwingi. Hewa inaingia kwa mlango wa chini, inakutana na mkaa wa chini na kuunguza kaboni kuwa dayoksaidi. Dayoksaidi hiyo inapanda kupitia mkaa mwekundu wa juu, ambako oksijeni imekwisha. Humo inageuka: C + CO₂ → 2CO. Mmenyuko huu unafyonza kilojuli 172.5, kwa hiyo joto lililopatikana chini linaliwa katikati. Monoksaidi inafika juu ya mkaa, na ikikuta hewa mpya huko inawaka. Vile vindimi vya bluu vinavyocheza juu ya mkaa usiku ndiyo monoksaidi inayoungua, na ni dalili njema, kwa sababu asilimia 72 zinarudi chini ya sufuria. Tatizo ni pale sufuria pana inapokaa moja kwa moja kwenye mdomo wa jiko bila nafasi. Hewa ya juu haipiti, vindimi vinazimika, na monoksaidi inatoka pembeni ikiwa nzima.

Kwa hiyo acha nafasi ya sentimita moja hadi mbili kati ya mkaa na kitako cha sufuria. Meno ya jiko yamewekwa kwa kazi hiyo, na yakipinda yanyooshwe. Usijaze mkaa kupita usawa wa meno hayo. Ondoa majivu kwenye matundu ya chini kabla ya kuwasha. Chenga za mkaa zichekechwe, kwa sababu zinaziba njia ya hewa kati ya vipande, na jiko lenye chenga nyingi huonekana linawaka huku linatoa gesi tu. Chakula kikishachemka, funga mlango wa chini nusu.

Funika sufuria pia. Lita mbili za maji kutoka nyuzi 28 hadi 100 zinahitaji kilojuli 605 hivi, ambazo ni sawa na gramu 20 za mkaa kama joto lote lingeingia majini. Kwenye jiko la kawaida la bati ni robo hivi tu inayoingia, kwa hiyo utatumia karibu gramu 80. Lakini kila gramu 100 za maji zinazotoka kama mvuke zinaondoka na kilojuli 226, zaidi ya theluthi ya kazi nzima ya kuyachemsha. Anayepika maharage sufuria ikiwa wazi anachoma mkaa ili kupasha joto hewa ya uani.

Wakati wa masika watu hulalamika kwamba mkaa uliolowa hauna nguvu. Hesabu inasema vingine. Kilo moja ya mkaa wenye maji asilimia 10 inatumia kilojuli 256 kuyapasha na kuyafukuza hayo maji, ilhali mkaa wenyewe una karibu 27,000. Ni chini ya asilimia moja. Ubaya wa unyevu uko mwanzoni: kipande hakiwezi kupita nyuzi 100 mpaka kikauke, kwa hiyo kuwasha kunachukua muda mrefu, na katika muda huo jiko ni la ubaridi na monoksaidi ni nyingi. Washa nje, upepee hadi mkaa wote uwe mwekundu, ndipo uingize kwenye baraza la kupikia.

Chumbani usiingize kabisa. Kilo moja ya kaboni ili iungue sawasawa inahitaji oksijeni kilo 2.67, ambazo zimo ndani ya takriban mita 10 za ujazo za hewa. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita mbili na nusu kina mita 22.5 tu. Ukifunga mlango na madirisha, oksijeni inapungua, na kadiri inavyopungua ndivyo kaboni inavyozidi kuchagua njia ya pili. Monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kuuma na kichefuchefu kwa watu wawili walio chumba kimoja chenye jiko si malaria. Watoke nje kwanza.

Kwenye jiko la gesi kosa hilo hilo lina rangi yake. Moto wa bluu maana yake hewa inatosha. Moto wa njano maana yake kuna kaboni ambayo haijaungua, ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayobandika masizi kwenye sufuria. Safisha matundu ya plati kwa sindano na rekebisha tundu la hewa lililo kwenye shingo ya bomba la plati.

Ndoo ya kostiki soda

Moto si lazima uwepo. Watengenezaji wadogo wa sabuni jijini Dar hutumia kipimo kinachojulikana sana: kostiki soda kilo moja kwa maji lita tatu. Kostiki soda ni haidroksaidi ya sodiamu. Ikiyeyuka, vifungo vya ndani ya punje vinavunjika, lakini molekuli za maji zinazizunguka ayoni zake na kushikana nazo kwa nguvu, na malipo ya kushikana huko yanazidi gharama kwa kilojuli 44.5 kwa moli.

Moli moja ni gramu 40, kwa hiyo kilo moja ni moli 25, na jumla ni kilojuli 1,110 hivi. Mchanganyiko wote una kilo 4. Ukikadiria kwamba kila kilo inahitaji kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja, mchanganyiko utapanda nyuzi 66. Maji ya bomba ya Dar yakiwa na nyuzi 28, unafika 94. Sehemu ya joto huenda kwenye ndoo na hewani, lakini bado uko karibu na kuchemka, na kimiminika hicho kinatafuna ngozi.

Ndiyo maana mpangilio hauwezi kubadilishwa: maji kwanza, kostiki juu yake, kidogo kidogo, huku unakoroga. Ukimwaga maji juu ya kostiki, yale machache ya kwanza yanapokea joto la punje nyingi kwa mpigo, yanachemka papo hapo na kurusha matone usoni. Ukimimina kostiki yote mara moja bila kukoroga, inazama, inaganda chini kama jiwe, na joto linakusanyika mahali pamoja. Baadaye ukichokoa, kimiminika kinaruka.

Chombo kiwe ndoo nzito ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Chupa ya maji ya kunywa inalegea kwa joto hilo na plastiki yake huliwa na kostiki. Sufuria ya aluminiamu ni hatari zaidi: kostiki inaila, inatoa gesi ya haidrojeni inayowaka, na mmenyuko huo nao unaongeza joto, ambalo linauharakisha zaidi. Dakika chache tu na sufuria inatoboka.

Kuacha kostiki ilale hadi siku ya pili hakuiongezei ukali. Inasubiriwa ipoe. Mafuta ya mawese au ya mise yakikutana na kostiki yanatoa joto lao pia, na kama kostiki ilikuwa bado na nyuzi 80, mchanganyiko utafura na kumwagika, au utaganda nje kabla ya ndani. Subiri ishuke hadi nyuzi 35 au 40. Kwa punje zilizobaki, funga mfuko wake barabara. Unyevu wa Dar unazilowesha, na dayoksaidi ya hewani inazigeuza kabonati, kwa hiyo kilo unayopima mwezi ujao haitakuwa kilo ya kostiki, na sabuni itatoka laini.

Ikikurukia ngozini, maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi. Ikiwa jichoni, osha vivyo hivyo na uende hospitali. Usimimine siki juu yake. Asidi na besi zikikutana zinaunda maji, na kuunda huko kunatoa kilojuli karibu 55 nyingine kwa kila moli, juu ya ngozi ambayo tayari imeungua.

Yurea inapopoza, na swali gumu

Sasa upande wa pili. Pima mbolea ya yurea gramu 20, uitie kwenye kikombe cha plastiki chenye maji mililita 100, koroga, na ushike kikombe. Kinakuwa baridi. Gramu 20 za yurea ni theluthi ya moli. Kuzitenganisha molekuli zake kunagharimu kuliko maji yanavyolipa kwa kuzizunguka. Upungufu ni kilojuli 15 hivi kwa moli, kwa hiyo hapa ni kilojuli 5. Zinachukuliwa kwenye maji yenyewe. Gramu 120 za mchanganyiko zikipoteza kilojuli 5 zinashuka karibu nyuzi 10. Kipimajoto chako kitasoma pungufu kidogo, maana hewa ya Dar haichelewi kurudisha joto. Anayesema kuyeyuka si mmenyuko kamili achukue bikaboneti ya sodiamu ya kuokea keki na aimiminie juisi ya ndimu. Inatoa povu na inapoa, na hapo vitu vipya vimeundwa bila ubishi.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Kama vitu hupenda kushuka kwenye nishati ndogo, kwa nini yurea inayeyuka yenyewe wakati inapanda? Katika karne ya 19 Julius Thomsen wa Denmark na Marcellin Berthelot wa Ufaransa walishikilia kwamba mmenyuko huelekea upande unaotoa joto zaidi. Kikombe cha yurea kinatosha kuonyesha kwamba hiyo si kanuni. Aliyelifungua fundo ni Josiah Willard Gibbs wa Marekani, miaka ya 1870.

Mbali na joto, kuna jambo la pili linaloamua: kutawanyika. Molekuli za yurea ndani ya punje zimepangwa kwa safu, kila moja mahali pake. Zikiwa majini zinaweza kukaa kwa namna nyingi mno zisizohesabika. Hali yenye namna nyingi zaidi ndiyo inayoelekea kutokea, na kipimo cha wingi huo kinaitwa entropi. Gibbs aliunganisha mambo hayo mawili kwa fomula moja: ΔG = ΔH − TΔS. ΔS ni badiliko la entropi, na ΔG ni badiliko la nishati huru. ΔG ikiwa hasi, mmenyuko unaweza kwenda wenyewe. T ni joto kwa Kelvini (nyuzi za kawaida ukiongeza 273), na ndilo linaloipa entropi uzito: kadiri joto linavyopanda, ndivyo kutawanyika kunavyozidi kuamua.

Chokaa, saruji na zege

Fomula hiyo inaonekana wazi kwenye chokaa. Mawe ya chokaa na matumbawe ni kabonati ya kalsiamu. Kuyachoma ni mmenyuko unaofyonza joto: CaCO₃ → CaO + CO₂, kilojuli 178 kwa moli. Entropi inaongezeka juli 160.5 kwa Kelvini kwa kila moli, kwa sababu gesi inatoka kwenye jiwe. ΔG inakuwa hasi pale TΔS inapoipita ΔH, kwa hiyo gawa ΔH, ambayo kwa juli ni 178,300, kwa 160.5, unapata Kelvini 1,111, yaani nyuzi 838. Chini sana ya hapo unaweza kuchoma kutwa nzima na jiwe likabaki jiwe. Tanuri huendeshwa kwenye nyuzi 900 na zaidi, kwa kuwa namba hizi hubadilika kidogo joto likipanda na kwa kuwa katikati ya jiwe huchelewa kupata moto.

Chokaa iliyotoka tanurini ikitiwa maji huzimwa kwa kishindo na mvuke: inatoa 65. Kisha, ikishapakwa ukutani, inafyonza dayoksaidi ya hewani polepole na kurudi kuwa jiwe, ikitoa 113. Jumlisha 65 na 113: ni 178. Nishati yote ambayo jiwe lilifyonza tanurini imerudi, sehemu siku ya kuzima na sehemu kwa miaka. Magofu ya Kunduchi, Dar es Salaam, msikiti wake na makaburi yake ya matumbawe, yalishikanishwa kwa mzunguko huo, na Hess angeweza kuyatumia kama somo.

Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Tegeta, kimekaa juu ya mawe ya chokaa ya kilima hicho. Humo mawe na udongo hupashwa hadi nyuzi 1,450 hivi kutengeneza klinka, yaani vibonge vinavyosagwa kuwa saruji. Sehemu ya nishati hiyo inabaki ndani ya mfuko wa saruji, na inatoka fundi anapotia maji. Kilo moja ya saruji ya kawaida hutoa takriban kilojuli 250 katika siku chache za kwanza.

Zege lenye mifuko saba kwa mita ya ujazo lina saruji kilo 350: kilojuli 87,500. Mita hiyo ina uzito wa kilo 2,400 hivi, na kila kilo inahitaji karibu kilojuli moja kupanda nyuzi moja. Kama joto halina pa kutokea, zege linapanda nyuzi 36. Ukilimwaga mchana wa Februari likiwa na nyuzi 32, katikati linafika 68. Wahandisi hawataki katikati ipite 70, wala katikati na uso zitofautiane zaidi ya nyuzi 20, kwa sababu ndani imetanuka na nje imepoa, na uso unachanika.

Slabu ya sentimita 15 haifiki huko. Ni nyembamba na joto linatoka. Ugonjwa wake ni kukauka: jua na upepo vinayaondoa maji kabla saruji haijayatumia, mmenyuko unakatika njiani, na uso unabaki na vumbi. Ndiyo sababu humwagiliwa maji kwa siku saba mfululizo, au hufunikwa kwa magunia yaliyolowa, kuanzia pale linapokuwa gumu kiasi cha kutoachia alama ya kidole.

Msingi mnene wa mita moja na zaidi unataka utunzaji tofauti na wa slabu. Kokoto zikae kivulini na kulowanishwa siku moja kabla, maji yawe baridi, kazi ianze alfajiri au jioni. Ukishamwaga, usimimine maji baridi juu ya uso ulio moto saa saba mchana, maana unaongeza ile tofauti ya ndani na nje. Funika kwa nailoni na magunia juu yake ili uso upoe pamoja na ndani, na mbao za pembeni ziache siku kadhaa zaidi kuliko ulivyozoea kwa nguzo za kawaida.